Kamba mbili chini ya Kobe

Kwenye meza ninayoandikia kuna yu-bolti ya zamani, bolti iliyokunjwa kwa umbo la U, inayozuia karatasi zangu zisipeperuke. Mguu wake mmoja ni mzima: nyuzi zimenyooka, nati inapanda na kushuka kwa vidole tu. Mguu wa pili umeliwa. Nati imebaki nusu, imelala upande kama kisigino cha kandambili za mtu anayeburuta mguu, na ukingo wake una ubuluu ule ambao chuma hubaki nao kikishapata moto mkali. Hakuna jiwe la kusagia lililoipitia. Iliyoisaga ni lami, na gari lililokuwa juu yake nilikuwa naliendesha mimi.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliniandikia: "Shikamoo mjomba. Nataka kushusha gari sentimita sita. Springi nikate raundi moja au mbili?" Nikaitikia marahaba, nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaanza upya. Jibu fupi lipo, ni "usikate". Lakini namjua kijana huyu. Ukimkatalia bila sababu anakwenda kumtafuta atakayemkubalia, na wa kukubali hawakosekani. Basi hili ndilo jibu refu.

Sipingi magari ya chini, ieleweke. Uzito ukikaa karibu na barabara gari linatulia, na kwa macho yangu hakuna kinachopendeza kama tairi lililojaa sawasawa chini ya fenda, limeacha nafasi ya vidole viwili na basi. Pikapu yangu naiita Kobe kwa sababu hiyo hiyo. Ni pikapu ndogo ya zamani, mbele ina springi za koili, nyuma zile za bapa zilizopangwa kimoja juu ya kingine. Nilipoipata ilikuwa imesimama kama mbuzi juu ya mwamba. Kazi yangu ya mchana ni kuchora ramani za majengo, kwa hiyo yote niliyoifanyia Kobe niliyafanya jioni na siku za mapumziko, mengine kwa mikono yangu, mengine kwa msaada wa fundi, na makosa yetu tuligawana nusu kwa nusu.

Ekseli ya nyuma ya Kobe inakaa juu ya springi. Ukitaka kuishusha unaingiza bloki ya chuma kati ya springi na ekseli. Springi inasukumwa chini, na kwa kuwa chesisi imeshikana na springi, gari zima linashuka nayo. Bloki ya sentimita 10, gari chini sentimita 10. Hesabu ya mtoto. Kisha unahitaji yu-bolti ndefu zaidi: zinaikumbatia ekseli kwa juu, zinapita pembeni mwa bloki na springi, na kukazwa kwa nati kwenye bati lililo chini ya vyote. Mbili kila upande, nne jumla, na hizo nne ndizo zinazoifunga ekseli kwenye gari. Nilichora mpango wote kwa vipimo, kwa uangalifu ule ule ninaochorea ngazi za jengo. Nilichosahau kuchora ni ardhi.

Ilikuwa jioni, barabara imenyooka, mwendo kama kilomita 70 kwa saa. Nilianza kusikia mpira ukipiga fenda nyuma kushoto, pa-pa-pa-pa. Tairi likiisha upepo halitoweki papo hapo. Mpira hujikunja chini ya rimu na kuibeba kwa unene wa sentimita mbili hivi. Kwa hiyo mwanzoni nilisikia mkwaruzo mwembamba tu, nikadhani ni kipande cha tairi. Mpira ulipochanika na kutoka, ikawa zamu ya rimu kufika chini. Haikufika. Ncha za yu-bolti ziliitangulia.

Rimu, hata ikiwa tupu, ni mduara, nayo inaviringika. Ingenipeleka kando kwa makelele na aibu, nikabadilisha tairi nikaenda zangu. Ncha ya bolti haiviringiki. Inachimba. Kwenye kioo cha pembeni niliona cheche zikirefuka, na upande wa kushoto wa gari ukawa kama mashua iliyotupa nanga huku upande wa kulia ukiendelea na safari. Gari likageuka robo duara na kusimama nusu ndani ya barabara, nusu nje. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nilipolala chini na tochi nilikuta nati mbili zimeliwa, moja kiasi cha kuzunguka kwa mkono, pini ya bloki imekatika, na ekseli imerudi nyuma upande ule kwa unene wa kidole gumba. Nilikaa kwenye majani kwa muda mrefu kabla ya kumpigia mtu yeyote simu.

Kipimo ambacho kingeniepusha na yote haya kinahitaji kamba mbili na dakika kumi. Wajenzi wa hot rod, yale magari ya zamani yanayoundwa upya kwa ajili ya kasi, wanacho siku nyingi, wanakiita "scrub line". Mimi nakiita mstari wa rimu. Gari likiwa limesimama sehemu tambarare kwa magurudumu yote, unavuta kamba kutoka ukingo wa chini wa rimu ya kushoto hadi pale tairi la kulia linapogusa ardhi. Kisha ya pili kinyume chake, kutoka rimu ya kulia hadi chini ya tairi la kushoto. Zinapishana katikati kama herufi X iliyobanwa. Unafanya hivyo kwa magurudumu ya mbele na kwa ya nyuma. Kila kamba inakuonyesha mahali ardhi itakapokuwa siku tairi moja litakapoisha upepo. Kitu chochote kinachoning'inia chini ya kamba, kiwe mkono wa stelingi, bomba la breki, bati la yu-bolti au kona ya tangi la mafuta, kitafika kwenye lami kabla ya rimu.

Nilivuta kamba chini ya Kobe baada ya ajali, tairi zima likiwa limefungwa. Matairi yalikuwa 195/70R14, marefu, na rimu ndogo ya inchi 14. Ukingo wa rimu ulikuwa milimita 100 kutoka chini. Pale springi ilipo, kamba ilishaanza kushuka, ilikuwa milimita 89. Ncha za yu-bolti zilikuwa 78. Milimita 11, pungufu ya upana wa kidole changu kidogo. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ncha hizo zilijitokeza chini ya nati kwa zaidi ya milimita 25, chuma kisicho na kazi yoyote, nilichoshindwa kukikata kwa sababu msumeno ulikuwa mbali na jua lilikuwa limezama.

Kuna jambo ambalo watu hawalitegemei hapa. Rimu kubwa yenye tairi jembamba, ambayo kwa kawaida ndiyo inayolaumiwa kwa kila kitu, kwenye kipimo hiki ina nafuu: ukingo wake uko karibu na ardhi, kwa hiyo gari halina umbali mrefu wa kuanguka. Hatari zaidi ni rimu ndogo, tairi nene na gari la chini sana, sura ile ya kizamani inayotuvutia wengi wetu. Wazo lenyewe ni la kale. Huko California, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwisho wa 2023 sheria ilikataza sehemu ya gari lililobadilishwa kuwa chini kuliko rimu, na mwaka 1959 Ron Aguirre aliikwepa kwa kuifungia Corvette yake pampu za haidroliki zilizotokana na vifaa vya ndege: anapita barabarani akiwa juu, akisimama anajishusha. Ujanja mtupu, lakini hata yeye aliposogea alisogea akiwa juu ya mstari.

Ukiwa na springi za upepo, pima kamba upepo ukiwa umetoka wote. Puto likipasuka halitakuuliza ulikuwa unapendelea kimo gani.

Sasa tuje kwenye raundi zako mbili, mpwa wangu.

Springi ya koili ni waya mnene uliozungushwa, na inapobanwa kila raundi inajisokota kidogo. Raundi zikipungua, zilizobaki zinabeba kazi ya zilizoondoka. Zikiwa sita zinazofanya kazi ukakata mbili, gawa sita kwa nne: springi imekuwa ngumu zaidi kwa asilimia 50. Shokapu yako ilitengenezwa kutuliza springi ile laini, hii mpya inaishinda nguvu. Utaliona gari likidundadunda baada ya kila tuta, na tairi linalodunda halijashika barabara, liko hewani nusu ya muda.

Hilo bado si baya kuliko yote. Mwisho wa springi umekunjwa kwa umbo la kikombe chake. Ukiukata, unabaki na ncha iliyo wazi inayokaa upogoupogo. Tena springi imekuwa fupi lakini shokapu inaning'inia kwa urefu wake wa zamani. Jaribu hivi: pandisha gari mpaka gurudumu lining'inie, weka stendi, halafu ishike springi kwa mkono na kuizungusha. Ikizunguka, imelegea. Maana yake kila gurudumu linapodondoka kwenye shimo springi inatoka kikombeni, na inaporudi inarudi inakotaka. Kwenye gari lako imeizunguka shokapu, itagonga na kukupigia kelele. Kwenye mbele ya Kobe, ambako springi na shokapu hazishikani hivyo, ingeweza kuchomoka kabisa.

Kuhusu kupasha springi moto hadi ziwe nyekundu na kuacha gari lizilalie, nina sentensi mbili tu. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, na ukikipasha hadi wekundu umeufuta. Kikipoa polepole kinalala kama waya wa kufungia, kikimwagiwa maji kinavunjika kama kioo. Nimewahi kuona gari lililofanyiwa hivyo likiwa limeinama bega moja baada ya siku nane.

Springi fupi zilizotengenezwa kuwa fupi, pamoja na shokapu zake, ndiyo njia. Lakini hata hizo hazikuumbii nafasi. Magari madogo niliyoyapima yana sentimita saba hadi tisa za gurudumu kupanda kabla ya kugonga ile raba ya kizuizi. Ukishusha sita umebakiwa na moja hadi tatu, na mashimo ya barabarani hayajapungua. Springi humeza mshtuko kwa mraba wa umbali: ukiipunguzia umbali kwa nusu, inahitaji ugumu mara nne ili imeze kishindo kile kile. Hakuna mgongo wa binadamu unaokubali springi ngumu mara nne, kwa hiyo watu huweka ngumu kidogo na kazi iliyobaki wanaiachia raba. Kisha wanaikata raba kwa sababu inagonga. Nilifanya hivyo pia, niliikata nikaitupa, na sauti ya raba ikawa sauti ya chuma.

Ukiingia kona kwa kasi na gurudumu la nje likagonga kizuizi katikati ya kona, ni kana kwamba umeondoa springi ghafla na kuweka nondo. Uzito wote unaangukia tairi lile moja kwa mkupuo. Linaachia. Wengi huambiwa baadaye kwamba waliteleza kwa sababu ya mwendo.

Njia rahisi ya kujua umebakiwa na nafasi gani ni ile kamba ndogo ya plastiki ya kubania nyaya. Ifunge kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu, isukume hadi chini, endesha njia yako ya kila siku, kisha angalia imesukumwa mpaka wapi. Ikiwa imefika mwisho, umeshagonga, hata kama hukusikia kwa sababu ya muziki.

Kuna siku niliyoitumia vizuri kwenye Kobe, nayo ni ile niliyotoa springi za mbele kabisa, nikafunga kila kitu bila springi, nikaweka gari juu ya stendi, kisha nikapandisha gurudumu kwa jeki ndogo taratibu, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, usukani umenyooka, kisha umekata kushoto wote, kisha kulia wote. Unaona kila kitu kwa mwendo wa kinyonga. Niliona bomba la mpira la breki likikazwa kama uzi wa gitaa usukani ukiwa kulia na gurudumu likiwa chini. Niliona tairi likisugua bati la ndani mahali ambapo tayari palikuwa na mng'aro, ushahidi kwamba lilikuwa likisugua kwa wiki kadhaa bila mimi kujua. Ndani ya mng'aro ule kulipita waya wa taa, umebaki na ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Mpwa wangu, gari lako lina ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki. Waya wa sensa unapita hapo hapo.

Suala la usukani kujiendesha ni gumu kidogo kulieleza kwa maneno. Mkono wa chini unaobeba gurudumu na fimbo ya stelingi inayoligeuza ni kama bikari mbili zinazochora kwenye karatasi moja. Kiwandani zilipangwa zichore tao linalofanana, ili gurudumu likipanda na kushuka lisigeuke. Ukilishusha gari, mikono yote miwili inaanza kuinuka kuelekea nje, na matao yanaachana. Sasa kila gurudumu linapopanda tuta linageuka kidogo bila ruhusa yako. Kwenye barabara laini hutaligundua. Kwenye lami yenye mawimbi, kwa mwendo, utajikuta unasahihisha usukani kila sekunde na kudhani ni upepo.

Kwa magari kama lako, yenye shokapu inayosimama ndani ya springi, kuna kichekesho kingine: mkono wa chini ukishainuka sana, ile nukta isiyoonekana ambayo mwili wa gari unaizunguka unapolala kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Gari liko chini zaidi na bado linataka kulala zaidi. Ndiyo maana kushusha sentimita tatu kunaweza kukupa gari bora na kushusha sita kukakupa bovu.

Baada ya kushusha, nenda ukapimiwe alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, na uende springi zikishakaa, siku kadhaa baadaye, si asubuhi ile ile. Mimi niliahirisha. Matairi yangu ya mbele yaliinama ndani kwa juu, na kwa nje yalionekana mapya kabisa, ua limejaa. Siku moja niliyakata yote kulia ili nitafute sarafu iliyodondoka, nikaona ukingo wa ndani: nyuzi za waya zimechungulia, zimeshika kutu. Miezi minne tu. Tangu hapo tairi nalipapasa kwa kiganja upande nisiouona.

Kuna kitu kimoja ambacho pikapu na magari ya mizigo mengi ya zamani yanacho, na sijawahi kukutana na fundi wa kushusha magari aliyekitaja kabla sijakiuliza. Ni vali ya kugawa nguvu za breki za nyuma. Imefungwa kwenye chesisi, na kifimbo kinaiunganisha na ekseli. Ukipakia mzigo, chesisi inaikaribia ekseli, kifimbo kinasukuma, vali inaruhusu breki zaidi nyuma kwa kuwa sasa magurudumu ya nyuma yana uzito wa kuyashikilia. Akili kabisa. Sasa mimi nikaishusha Kobe sentimita 10 bila kugusa kifimbo. Kwa vali ile, nilikuwa nimebeba mzigo mzito usiku na mchana.

Niliijua siku ya mvua, wiki kadhaa kabla ya tairi. Nilikanyaga breki kwa kawaida tu nikikaribia njia panda, sanduku la nyuma halina kitu, na magurudumu ya nyuma yakafunga papo hapo. Mkia ukataka kunipita. Niliachia breki, gari likanyooka, nikapita njia panda nikiwa nimeshikilia usukani kama mtu anayening'inia ukingoni mwa kisima. Nilibadilisha mafuta ya breki, nikalaumu matairi, nikalaumu mvua. Mwezi mzima ulipita kabla sijalala chini nikauona ule mkono mdogo wa vali umeinuliwa hadi mwisho. Dawa yake ni kulirekebisha bano la kifimbo hadi mkono urudi kwenye pembe yake ya zamani, kisha kujaribu uwanjani pasipo na watu, gari tupu: mbele ziwahi kufunga kabla ya nyuma, siku zote.

Taa nazo. Nyuma nilishusha sentimita 10, mbele sita. Tofauti ni milimita 40, na kati ya ekseli na ekseli Kobe ina mita 2.6. Gawanya: mwanga umeinuka sentimita moja na nusu kwa kila mita. Taa za kawaida hupangwa zishuke sentimita moja kwa kila mita. Kwa hiyo taa zangu za chini zilikuwa zinaangalia juu, nami nikashangaa kwa nini kila ninayepishana naye ananiwashia. Pia kuna kimo chenyewe: kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inataka taa za mwanga wa chini zisiwe chini ya milimita 500 kutoka ardhini. Kwa gari dogo lililoshushwa sana huo ni ukuta unaougonga mapema kuliko unavyodhani. Chukua futi upime.

Nimeacha jambo la kuua hadi hapa kwa sababu haliko barabarani. Liko gereji.

Jeki ya kawaida haiingii chini ya gari la chini. Watu hupandisha gurudumu juu ya tofali, ubao, rimu ya zamani, chochote, ili wapate pa kusukumia jeki. Jamaa yangu mwenye gari la springi za upepo alikuwa na mazoea ya kulipandisha kwa upepo wake mwenyewe, kisha kujilaza chini kukaza kitu cha dakika moja. Siku moja alitoka kwenda kuchukua spana namba 13. Alipokuwa amesimama mlangoni bomba la upepo lilichomoka kwenye kiungio na gari likaketi chini, fuu, kwa muda ambao usingetosha kusema jina lako. Tulipima baadaye, nafasi iliyobaki chini ya chesisi ilikuwa sentimita nne. Kifua cha mtu mzima kina zaidi ya ishirini. Upepo si stendi, haidroliki si stendi, jeki si stendi. Stendi ni stendi, na ziwe mbili.

Springi iliyobanwa nayo iheshimu. Chukua springi ya kiasi, inayohitaji kilo 2.5 hivi kuisogeza kila milimita, uibane milimita 150 kwa vile vibanio vya kukodisha. Umeweka humo msukumo wa kilo zaidi ya 370, na nguvu sawa na mfuko wa kilo 28 ulioanguka kutoka kimo cha mita moja, ila yote inatoka kwa mkupuo, kuelekea popote. Vibanio vikae pande mbili zinazotazamana, vikazwe kwa zamu, raundi chache huku, chache kule, na uso wako usiwe kwenye mstari wa springi. Kama nyuzi za kibanio zimeliwa, kirudishe.

Kobe leo iko chini sentimita tano nyuma na nne mbele. Bloki ni za chuma kizima, moja kila upande, hazipandani. Yu-bolti ni mpya, kwa kuwa iliyokwisha kukazwa imeshavutika na haikazwi mara ya pili kwenye kazi kama hii. Nilizikaza tena baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500, na kila mara zilikubali robo raundi. Ncha nilizikata. Sasa ziko milimita 153 kutoka chini. Watu huniambia ilipendeza zaidi zamani. Kweli ilipendeza.

Nilipofika hapa nikamtumia mpwa wangu aya zile za kamba, nikamwambia asishushe chochote, apime tu: kila kinachoning'inia, kimo chake leo, atoe milimita 60, alinganishe na kamba mahali pale. Jana usiku alinitumia picha ya karatasi ya daftari. Mwandiko wake ni mbaya lakini hesabu ziko sawa. Mistari kumi na moja yote iko salama isipokuwa mmoja, ile sailensa kubwa aliyojifungia mwenyewe mwaka jana upande wa kulia, karibu na ekseli ya nyuma. Leo 110. Ikishushwa 50. Kamba 58. Ameizungushia duara jekundu, na chini yake ameandika, "Mjomba, na nikishusha arobaini?"